UZI: Ubongo ukikosa damu, potasiamu ndo ya kwanza kukimbia, na mlango inaotokea unaweza kuokoa seli au kuizika

Fundi Utando (mleta uzi)

Wakuu kwema? Kuna kitu kinanikera siku nyingi. Kila nikisoma maelezo ya kiharusi kwa Kiswahili naona watu wanarukia glutameti (kemikali ambayo niuroni, yaani seli za ubongo, zinapashana nayo habari) na kalisi, kwamba damu ikikatika glutameti inamwagika, kalisi inafurika ndani ya niuroni, niuroni inakufa, habari imeisha. Sio uongo ila ni kama mtu kukusimulia mechi kuanzia dakika ya 80, magoli yalishaingia hata hujui nani alianza kukosea. Kabla kalisi haijaingia kuna mwingine alishatoka nje, naye ni potasiamu. Leo naomba tumjadili huyu.

Twende taratibu. Niuroni iliyotulia ina potasiamu kama milimoli 140 kwa lita ndani, na kwenye maji yanayoizunguka kuna kama 3 tu. Sodiamu ni kinyume chake, imejaa nje. Hii tofauti haikai bure, inalipiwa kila sekunde na pampu iliyokaa kwenye utando wa seli, kila ikila molekyuli moja ya ATP (ndo mafuta ya kuendeshea seli) inatupa sodiamu 3 nje na kurudisha potasiamu 2 ndani. Pampu hii peke yake inakula kama nusu ya nishati yote ya ubongo. Na ubongo wenyewe ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unavuta kama asilimia 20 ya oksijeni, afu hauna ghala la maana, unaishi kwa kinachokuja na damu dakika hiyo hiyo.

Sa chukulia moyo umesimama, damu haifiki kichwani kabisa. Ndani ya sekunde 10 hivi mtu anazimika. Hapa ndo pazuri sikilizeni, seli bado HAZIJAFA na bado zina ATP kiasi, zimejizima zenyewe. Dakika moja mbili zinazofuata potasiamu ya nje inapanda polepole, 4, 6, 8, inakaribia 10. Halafu ghafla, ndani ya sekunde chache, inaruka mpaka 50 au 60 na zaidi. Wakati huo huo sodiamu inakimbilia ndani, na kalisi ya nje inayokuwaga kama 1.2 inabaki kama 0.1, yaani karibu yote imezama ndani ya seli. Huo mruko wataalamu wanauita depolaraizesheni ya anoksia. Chaji yote ya utando imeanguka, seli inaanza kuvimba maji, na kuanzia hapo saa ya kifo inahesabu.

Kwaiyo potasiamu ina awamu mbili, ya kuvuja na ya kupasuka. Swali la uzi: ile ya kuvuja inatokea kwenye milango ipi, na je kuifungua ile milango ni dhambi au ni akili?

---

shemeji_wa_wote

Nimeweka kambi hapa na godoro nimeleta. Tiririka mkuu.

---

Mbishi Mstaarabu

Mleta uzi heshima yako ila naona unamwonea potasiamu. Darasani tulifundishwa potasiamu ikitoka inabeba chaji chanya inaenda nayo nje, ndani panazidi kuwa hasi, seli inakuwa ngumu kufyatuka, yaani kurusha ishara ya umeme. Seli isiyofyatuka haili ATP. Kwaiyo mlango wa potasiamu ukifunguka ni sawa na mtu kuzima taa zote umeme ukiwa mdogo. Dhambi iko wapi?

---

Fundi Utando

Mbishi umeuliza swali la kiume. Uko sahihi kwa sekunde za mwanzo, na ndo maana nimesema seli zinajizima zenyewe. Ila hesabu yako inasahau kitu kimoja, potasiamu iliyotoka INAENDA WAPI? Nafasi iliyopo kati ya seli na seli kwenye ubongo ni finyu sana, kama sehemu moja ya tano ya ujazo wote. Siyo bahari ile ni korido. Ukimwaga kidogo tu korido inafurika.

Sasa piga ile hesabu ya Nernst, inayokupa volteji ambayo ioni inavutia seli, kwa joto la mwili. Ndani 140 nje 3, mvuto wa potasiamu unaipeleka seli kwenye kama hasi 100 milivolti. Nje ikifika 10 unabaki na hasi 70. Nje ikifika 60 unabaki na hasi 23 hivi. Umeona? Mlango ule ule, uwazi ule ule, ila mwanzo ulikuwa unaivuta seli kwenye utulivu na baadae unaivuta kwenye kufyatuka. Kuzima taa ni sawa, ila huyu anazima taa huku anafungulia maji chumbani.

Na kwenye ubongo wenye afya kuna wa kukausha hayo maji, seli zinaitwa astrosaiti. Zina mlango wao Kir4.1, zinanyonya potasiamu pale ilipozidi na kuipitisha kwa majirani zao walioungana nao mpaka sehemu yenye nafuu. Hilo wazo Orkand, Nicholls na Kuffler walilitoa 1966 wakichunguza neva ya jicho la amfibia. Tatizo na astrosaiti nazo zina pampu na pampu zao zinataka ATP hiyo hiyo, zina akiba kidogo ya glaikojeni zinahimili muda fulani, ikiisha na wao ni mizigo.

---

Mbishi Mstaarabu

Hiyo ya korido nimeikubali. Ila hujataja milango yenyewe bado.

---

Fundi Utando

Nakuja. Niwape ninaoupenda kwanza.

Mwaka 1983 Mjapani Akinori Noma alikuta kwenye seli za moyo chaneli ya potasiamu ambayo ATP inaifunga. Sikia vizuri, ATP ikiwepo mlango umefungwa, ATP ikipungua mlango unafunguka. Ni kama geti lenye mlinzi anayelipwa kwa siku, siku posho haijaja anaondoka na geti linabaki wazi. Wakaiita KATP. Baadae ikaonekana kwenye kongosho ambako ndo inaongoza utoaji wa insulini, na kwenye ubongo pia. Imejengwa na vipande 8, vinne vya Kir6.2 ambavyo ndo tundu lenyewe, na vinne vya SUR1 vinavyoizunguka na kuisimamia.

Sasa jaribio. Kuna panya walioondolewa jeni ya Kir6.2. Mwaka 2001 Wajapani waliwaweka hao panya kwenye hewa yenye oksijeni kidogo kwa muda mfupi tu, wakapata degedege kali wakafa, wakati wenzao wa kawaida walitulia wakapona. Na panya wengine wasio na hiyo jeni wakizibwa mshipa wa ubongo, eneo linalokufa linakuwa kubwa zaidi. Kwaiyo hapa Mbishi anapata pointi zake, geti hili ni la kuokoa.

La pili ni TREK-1. Hili halijali ATP, lenyewe linafunguliwa na mambo yanayotokea seli ikiwa mashakani: mafuta ya arakidoniki yanapoachiliwa, ndani ya seli panapokuwa na asidi, utando unapovutika kwa sababu seli imevimba. Yaani kila kitu kinachoharibika kwenye iskemia (seli kukosa damu) ni ufunguo wake. Heurteaux na wenzake wa maabara ya Lazdunski kule kusini mwa Ufaransa walionyesha 2004 kwamba panya wasio na TREK-1 wanaumia zaidi ubongo ukikosa damu, na kinga inayoletwa na mafuta fulani ya omega-3 kwao haifanyi kazi kabisa.

La tatu ni BK, bonge la mlango, linapitisha potasiamu nyingi kuliko yote, na linafunguka pale kalisi imeingia NA chaji imepanda kwa pamoja. Ni breki ya dharura.

Ongezea adenosini, ATP ikivunjwa vunjwa mabaki yake ni adenosini, ambayo inatoka nje inaenda kugonga vipokezi vinavyozuia utoaji wa glutameti na kufungua chaneli nyingine za potasiamu. Yaani majivu ya kuni ndo yanakuja kuzima moto.

---

dada_Nesi

Mkuu ngoja nikukatishe hapo kwenye SUR1 maana masikio yamenisimama. Mimi wodini nawapa wagonjwa wa sukari glibenklamaidi, na tunajua inafunga KATP ya kongosho ili insulini itoke. Sa kama KATP ya ubongo inaokoa, je mgonjwa wangu wa sukari anayetumia glibenklamaidi akipata kiharusi nimemfungia geti la kuokokea?

---

Fundi Utando

Dada hilo ndo swali lililowasumbua watafiti wengi, na jibu lilikuja la kushangaza. Wengine walitegemea hao wagonjwa wawe hali mbaya zaidi, lakini takwimu za kuangalia nyuma kwenye mafaili zikapingana, baadhi zikaonyesha waliokuwa kwenye dawa za jamii hiyo wanafanya vizuri KIDOGO zaidi, nyingine hazikuona tofauti.

Sababu moja ni kwamba glibenklamaidi haipenyi vizuri kwenye ubongo wenye afya. Ila sababu ya utamu ni hii. Simard na timu yake huko Marekani waligundua kwamba ubongo ukiumia kwa kukosa damu, seli zinaanza kutengeneza SUR1 mpya kwa wingi, lakini safari hii SUR1 haiendi kuungana na Kir6.2, inaungana na mlango mwingine unaoitwa TRPM4. Huo sio wa potasiamu tu, unapitisha sodiamu. Na nao unafunguka ATP ikiisha! Kwaiyo msimamizi yule yule, geti lingine kabisa, badala ya kutoa potasiamu na kutuliza seli linaingiza sodiamu, maji yanafuata, ubongo unavimba. Glibenklamaidi inamkamata SUR1 popote alipo. 2006 walionyesha kwa panya inapunguza uvimbe na vifo.

Kwa binadamu wakatengeneza ya kudunga kwenye mshipa kwa ajili ya viharusi vikubwa vinavyovimbisha nusu nzima ya ubongo. Jaribio kubwa lilisimamishwa mapema, matokeo yakatoka 2024 na hayakuonyesha kwamba wagonjwa wanaishia na hali bora kuliko waliopewa dawa bandia, na sukari kushuka ilikuwa kero. Kwaiyo wodini dada usibadilishe chochote kwa sababu ya uzi huu, endelea na miongozo yenu.

---

dada_Nesi

Asante. Hapo pa msimamizi kuhama geti nimepapenda, nitawasimulia wenzangu wa zamu.

---

Mtoro wa Baiolojia

Naomba niongeze kidogo. Kuna watoto wanazaliwa na mabadiliko kwenye jeni ya Kir6.2 yanayofanya geti libaki wazi hata kama ATP ipo. Wanapata kisukari tangu wachanga, na wale wenye mabadiliko makali wanapata kifafa na kuchelewa kukua kiakili. Iligundulika 2004. Yaani geti likibaki wazi muda wote ubongo unaharibika na likikosekana kabisa ubongo unaharibika. Inabidi lijue muda.

---

Mbishi Mstaarabu

Hehe mpaka sasa mmenipa ushindi wa bure. KATP inaokoa, TREK-1 inaokoa, BK breki. Kwenye kichwa cha habari umeandika "kuizika". Mzikaji yuko wapi?

---

Fundi Utando

Nilikuwa namwacha mwisho. Anaitwa Kv2.1.

Kwanza elewa kwamba seli hazifi zote kwa namna moja. Kiini cha eneo lililokosa damu kinakufa kwa kupasuka, kuvimba, fujo. Ila pembeni kuna seli zinazokufa kwa utaratibu, zinajinyausha, zinakata kata DNA yake zenyewe, ndo apoptosisi. Na seli inayokufa hivyo HAIVIMBI, inasinyaa. Ili isinyae lazima itoe maji, na ili itoe maji lazima itoe chumvi, na chumvi iliyojaa ndani ni ipi? Potasiamu.

1997 Shan Ping Yu, Dennis Choi na wenzao walionyesha kwenye niuroni za maabara kwamba kabla ya kufa kwa apoptosisi mkondo wa potasiamu inayotoka kwenda nje unaongezeka, na ukiuziba au ukiongeza potasiamu ya nje ili ya ndani isipate pa kwenda, seli nyingi zinapona. Hapo wengi walishtuka, kwa miaka walizoea kuhesabu kufungua milango ya potasiamu kama kinga.

Baadae maabara ya Elias Aizenman huko Pittsburgh ikafuatilia njia nzima na ni kama hadithi ya upelelezi. Kemikali za oksijeni zenye sumu zinanyofoa zinki kutoka kwenye protini zilizoishika ndani ya seli. Zinki huru inawasha vimeng'enya viwili, p38 na Src. Hivyo vinabandika fosfati kwenye Kv2.1 sehemu mbili tofauti. Na matokeo yake si kwamba milango iliyopo inafunguka zaidi, HAPANA, milango MIPYA inaletwa kutoka stoo ndani ya seli na kuchomekwa kwenye utando. Baada ya masaa kama 3 mkondo wa potasiamu unakuwa kama mara mbili. Potasiamu ya ndani inashuka sana. Na kumbe kaspesi, vile vimeng'enya vinavyochinja seli, vinazuiwa na potasiamu ikiwa kwenye kiwango cha kawaida. Kwaiyo ile 140 haikuwa inashika chaji tu, ilikuwa imewakalia wachinjaji kichwani. Ikitoka wanaamka.

Timu hiyo hiyo ikatengeneza vipande vidogo vya protini vya kuzuia Kv2.1 mpya isifike kwenye utando, na 2020 wakaonyesha kwa panya kwamba vinapunguza eneo linalokufa baada ya kiharusi.

---

Mbishi Mstaarabu

Dah. Nimekaa.

Ila subiri, nimewahi kusikia Kv2.1 yenyewe ina upande wa kutuliza, kwamba kwenye iskemia inavunja mikusanyiko yake na kuanza kufunguka mapema zaidi ili seli isifyatuke ovyo. Hiyo nayo vipi?

---

Fundi Utando

Kweli kabisa na nimefurahi umeileta. Kwenye niuroni nzima Kv2.1 imekaa kwenye mafungu mafungu. Iskemia ikija, kalisi inaamsha kimeng'enya kinachoondoa fosfati, mafungu yanatawanyika, na milango inaanza kufunguka kwenye volteji ya chini zaidi, seli inatulia. Hiyo ni dakika za mwanzo na ni kinga. Ile ya kuchomeka milango mipya ni masaa ya baadae na ni kifo. Protini moja, ukiiondolea fosfati hapa ni mlinzi, ukiibandika fosfati pale ni mchimba kaburi. Ndo maana mtu akiniuliza "chaneli za potasiamu ni nzuri au mbaya kwenye kiharusi" namuuliza ipi, kwenye seli gani, dakika ya ngapi.

---

shemeji_wa_wote

Mimi wa mwisho darasani naomba kuuliza. Kama mlinzi yupo, si utengeneze tu dawa ya kumfungulia geti yule BK breki ya dharura, ukampe mgonjwa, kwisha?

---

Mtoro wa Baiolojia

Shemeji walijaribu hicho hicho. Kuna dawa iliitwa BMS-204352, ilikuwa inafungua BK, na wazo lake lilikuwa zuri kinoma. BK inafunguka kwa nguvu pale tu kalisi imejaa, kwaiyo dawa ingefanya kazi kwenye seli zilizo mashakani na kuziacha zenye afya. Kwa wanyama ikapunguza uharibifu. Ikaenda mpaka awamu ya tatu kwa binadamu wenye kiharusi, haikuwashinda waliopewa dawa bandia.

Maoni yangu binafsi, panya unamziba mshipa wewe mwenyewe na stop wochi mkononi, dawa unampa kwa muda unaoutaka, umri mmoja, jeni moja. Binadamu anafika ana presha, sukari, miaka 70, na alianza kuumwa usingizini hakuna ajuaye saa ngapi. Kwa kitu kinachobadilika tabia kila nusu saa kama hizi chaneli utapatia vipi?

---

Fundi Utando

Nakubaliana, ila mimi nampa lawama nyingi zaidi muda kuliko panya. Ile breki ina maana kabla ya mruko. Baada ya mruko nje pameshakuwa na 60, ukifungua BK wakati huo unafungua mlango wa chumba kilichokwishafurika.

---

Mzee Kijiwe

Vijana mmenikumbusha mbali. Mimi nilifundisha fiziolojia miaka mingi na sikuzote nilikuwa nawaambia wanafunzi waache kwanza panya wakamtazame kobe. Kuna kobe wa majini wa Amerika Kaskazini, wanamwita kobe wa rangi, majira ya baridi anakaa chini ya maji yaliyofunikwa barafu miezi 3 mpaka 4 bila kuvuta hewa, na ubongo wake ukitoka huko uko salama. Anafanyaje? Huyu hafungui milango, ANAIFUNGA. Anapunguza uvujaji wa ioni kwenye utando mpaka pampu isiwe na kazi kubwa, potasiamu haivuji basi hakuna cha kurudisha. Peter Hochachka aliandika wazo hilo mwaka 1986, kwamba mnyama anayestahimili ni yule anayeziba matundu na kushusha matumizi kwa pamoja, na wengine wakaja kupima kwenye ubongo wa kobe wakakuta kweli potasiamu inavuja kidogo kuliko kawaida oksijeni ikikosekana.

Sisi tulipewa mkakati wa kufungua geti ili kutuliza. Ni mkakati wa dakika chache. Yeye ana wa miezi.

---

Mbishi Mstaarabu

Shikamoo mzee. Na ubaridi wenyewe je, si ndo unaomsaidia?

---

Mzee Kijiwe

Marahaba. Unamsaidia sana, na hata kwetu ubongo ukipozwa ule mruko wa potasiamu unachelewa kutokea. Lakini kobe hata kwenye joto la kawaida la chumba anahimili masaa mengi ambayo mimi na wewe tusingefikisha dakika 5. Baridi ni nyongeza tu.

---

kisoda

Wakuu nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Naomba niulize kitu cha kwangu. Baba alipata kiharusi mwaka juzi. Asubuhi mkono wa kulia ulikuwa mzito tu, anaongea, anatania. Jioni hiyo hiyo mkono ukafa kabisa na maneno yakapotea. Daktari alisema eneo limeongezeka. Mimi kichwani nilikuwa naona mshipa umeziba asubuhi basi, uharibifu si uishie pale pale? Unaongezekaje bila mshipa mwingine kuziba?

---

Fundi Utando

Pole sana ndugu, na samahani tumekuwa tunachekeana na mambo mazito.

Sitasema kilichompata baba maana kuna sababu kadhaa za hali kuzidi jioni, damu kuvuja ndani, uvimbe, damu iliyoganda kusogea, presha kushuka. Ila swali lako la eneo kuongezeka bila mshipa mwingine lina jibu, na potasiamu ipo katikati.

Ubongo wenye afya unapata kama mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 kwa dakika. Mwaka 1977 Astrup, Symon, Branston na Lassen walipunguza damu kwa nyani hatua kwa hatua huku wanapima umeme na potasiamu ya nje kwa pamoja. Umeme ulizimika damu ilipofika 15 hivi. Lakini potasiamu HAIKURUKA hapo! Iliruka damu iliposhuka chini zaidi, kwenye 6 hadi 10 hivi. Katikati ya hizo namba mbili kuna seli zimenyamaza ila hazijafa, bado zina potasiamu yake ndani. Miaka minne baadae wakaliita eneo hilo penumbra, kama kile kivuli chepesi kinachozunguka kivuli kizito wakati wa kupatwa kwa jua. Mkono wa mtu unaweza kuwa mzito kwa sababu ya seli zilizonyamaza na sio zilizokufa.

Sa kiini kilichokufa kimemwaga potasiamu na glutameti, inasambaa kwa jirani. Jirani anafyatuka wote kwa pamoja, anamwaga yake, anamwambukiza wa mbele. Ni wimbi, linatembea milimita kama 3 kwa dakika. Mbrazili Aristides Leão aliliona kwenye ubongo wa sungura akalichapisha 1944. Kwenye ubongo mzima lile wimbi halidhuru sana, pampu zinafanya kazi ya ziada, mishipa inatanuka inaleta damu zaidi, mambo yanatulia. Kwenye penumbra hakuna damu ya ziada ya kuleta. Kila wimbi linadai ATP ambayo haipo, na kila likipita kipande kingine cha penumbra kinahamia kwenye kiini.

Na kuna ubaya mwingine. Mishipa midogo yenyewe ina chaneli za potasiamu. Potasiamu ya nje ikipanda kidogo, mpaka 15 hivi, hizo chaneli zinatanua mshipa, damu inaongezeka. Ikipanda kupita hapo mshipa unafanya kinyume, unajikaza. Kwaiyo wimbi likipita kwenye ubongo ulioumia linaweza kuleta ukame badala ya mafuriko ya damu. Mawimbi haya yamerekodiwa kwenye ubongo wa binadamu ulioumia pia, Strong na wenzake waliyaandika 2002 kwa kuweka elektrodi juu ya ubongo wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji.

---

dada_Nesi

Kisoda pole kaka. Na hii ndo sababu wodini tunagombania presha isishuke ovyo. Penumbra inaishi kwa damu ya kupitia njia za pembeni, presha ikianguka damu inashuka kutoka ile 15 kwenda kama 8, ndani ya ile 6 hadi 10 ya mleta uzi, na hakuna mtu atakayeona kwa macho. Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida ina dirisha la masaa 4 na nusu toka dalili zianze, ndo maana tunawauliza ndugu mara tano tano "alikuwa mzima mara ya mwisho saa ngapi".

---

shemeji_wa_wote

Swali la mwisho la mjinga, kama potasiamu ikitoka ndo tatizo, mtu akimeza vidonge vya potasiamu au akiacha mlo wenye potasiamu inasaidia chochote akipata kiharusi?

---

Mtoro wa Baiolojia

Hapana shemeji. Kuna ukuta kati ya damu na ubongo. Damu ina potasiamu kati ya 3.5 na 5, ubongo unashikilia yake kwenye 3 hata ya damu ikicheza cheza. Inayomwagika kwenye iskemia haitoki tumboni, inatoka ndani ya niuroni zenyewe. Na vidonge usimeze bila kupimwa, potasiamu ya damu ikizidi inasimamisha moyo.

---

kisoda

Nashukuru Fundi, nashukuru dada. Usiku ule nilimgombeza nesi mmoja maana alikuwa anakuja kumfunga baba ile mashine ya presha kila baada ya robo saa, baba hapati hata usingizi, nikaona wanamsumbua mgonjwa. Kumbe alikuwa analinda ile kutoka 15 isiende 8.

---

dada_Nesi

Huwa tunagombezwa sana kaka, tumezoea. Baba anaendeleaje sasa?

---

kisoda

Maneno yamerudi karibu yote. Mkono bado, ila kikombe anashika.